Upasuaji wa Marudio kwa Watoto Wasioweza Kuzuia Choo Baada ya Kutibiwa Kasoro za Puru na Tundu la Haja Kubwa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza ni wakati gani upasuaji wa marudio unaweza kumsaidia mtoto aliyezaliwa na kasoro ya puru na tundu la haja kubwa, ambaye baada ya kutibiwa bado hawezi kuzuia choo. Hoja inayojengwa ni kwamba kuchafua nguo ni dalili moja yenye vyanzo vingi, na ni vichache tu kati ya vyanzo hivyo vinavyoweza kuondolewa kwa kisu. Kwa sababu hiyo, kutafuta chanzo hutangulia uamuzi wa kupasua, na mpango wa kusafisha utumbo kila siku unastahili kuhesabiwa kuwa tiba kamili.

1.0 Utangulizi

Takribani mtoto mmoja kati ya kila watoto 5,000 huzaliwa bila tundu la haja kubwa lililo mahali pake. Kwa baadhi yao puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, huishia karibu na ngozi na kutoa kinyesi kupitia kijitundu kilicho mbele kidogo ya mahali panapostahili. Kwa wavulana wengi puru huishia ndani ya nyonga na kuungana na njia ya mkojo kwa mfereji usio wa kawaida, yaani fistula. Kwa wasichana fistula hiyo hutokea zaidi kwenye mlango wa uke. Wapo pia wasichana wachache ambao njia ya mkojo, uke na puru huungana ndani na kufunguka kwa tundu moja, hali inayojulikana kama kloaka.

Mara nyingi kasoro hugunduliwa siku ya kwanza, mkunga anapomkagua mtoto au mama anapoona kwamba choo cha kwanza hakijatoka. Hata hivyo, msichana mwenye fistula pana anaweza kupita miezi akipata choo laini cha maziwa ya mama, na tatizo likajitokeza anapoanzishiwa uji na vyakula vizito. Matibabu yaliyozoeleka kwa kasoro kubwa hufanyika kwa hatua tatu. Kwanza hutobolewa kolostomi, yaani tundu tumboni la kupitishia kinyesi kwa muda. Kisha puru hushushwa na kuwekwa mahali pake, na baada ya kidonda kupona kolostomi hufungwa. Familia nyingi huhesabu siku hiyo ya tatu kuwa mwisho wa safari.

Kwa watoto wengi ndivyo inavyokuwa. Kwa wengine swali jipya huanza wanapofikia miaka mitatu au minne, umri ambao wenzao wameacha nepi. Mtoto anacheza, anakula, anakua vizuri, lakini nguo zake zina madoa mchana kutwa. Akianza shule jambo lililokuwa siri ya nyumbani huwa la darasa zima. Hapo ndipo mzazi hurudi kliniki na ombi ambalo kila daktari bingwa wa upasuaji wa watoto amelisikia: mtoto apasuliwe tena. Ombi hilo lina mantiki yake, kwani kama upasuaji wa kwanza ulileta tundu, inaelekea kuwa upasuaji wa pili ungeleta uwezo wa kulifunga. Ugumu ni kwamba tundu na uwezo wa kulifunga ni mambo mawili tofauti.

2.0 Jinsi mwili unavyozuia choo

Kuzuia choo hutegemea mambo matatu yanayofanya kazi kwa pamoja. La kwanza ni misuli. Chini ya nyonga ipo misuli yenye umbo la faneli inayoshuka na kuizunguka puru, na mwisho wake ni msuli wa mviringo unaobana tundu. Mtu huitumia kwa hiari kwa muda mfupi tu, pale anapohisi choo kinakaribia na mazingira hayaruhusu. Mtoto mwenye kasoro huzaliwa na misuli hii katika viwango mbalimbali: wengine karibu ya kawaida, wengine nyuzi chache tu.

La pili ni hisia. Ngozi laini iliyo ndani ya tundu la kawaida hutofautisha hewa, choo cha maji na choo kigumu. Watoto wengi wenye kasoro hizi hawana kabisa sehemu hiyo, na hakuna upasuaji unaoweza kuitengeneza. Wanachobakiwa nacho ni hisia hafifu ya kutanuka kwa puru, na hisia hiyo hupatikana ikiwa puru imepita katikati ya misuli. Choo kigumu huitanua puru na mtoto akajua. Choo cha majimaji hakiitanui, nacho hupita bila taarifa. Hii ndiyo sababu mtoto aliyekuwa akijitahidi vizuri hupoteza kila kitu wiki anayoharisha, na wazazi hudhani amekuwa mzembe.

La tatu, linalosahaulika zaidi, ni mwendo wa utumbo. Kwa kawaida sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hukaa tuli kama ghala, ikipokea kinyesi kwa saa nyingi, kisha hujikamua mara moja kwa siku au kwa siku mbili. Mtu huamua tu lini aruhusu. Ghala likiwa zembe, kinyesi hujaa na kukauka. Ghala likiwa limekatwa, kinyesi hutiririka siku nzima na hakuna msuli unaoweza kukizuia muda wote huo.

Juu ya haya yote ipo mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo kupitia sakramu, mfupa ulio juu ya kifandugu. Sakramu ikiwa fupi au pungufu, aghalabu mishipa hiyo nayo ni pungufu. Madaktari hupima hali hiyo kwa picha ya eksirei na kulinganisha urefu wa sakramu na urefu wa sehemu ya nyonga iliyo juu yake. Uwiano wa 0.7 au zaidi hutoa matumaini mema. Ukiwa chini ya 0.4, uwezekano wa mtoto kuzuia choo kwa nguvu zake mwenyewe ni mdogo mno, hata kama mpasuaji alifanya kazi bila dosari.

3.0 Historia fupi ya upasuaji wenyewe

Mwaka 1835 Mfaransa Jean Zuléma Amussat aliishona puru kwenye ngozi badala ya kutoboa tu na kuacha kidonda kijifunge. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1953, Douglas Stephens wa Australia alieleza njia ya kuipitisha puru karibu na msuli wa ndani unaoivuta kwa mbele. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa kupapasa zaidi kuliko kwa kuona. Mpasuaji aliingia kwa tumbo, akatafuta njia kwa kidole ndani ya nyonga, akaivuta puru hadi kwenye ngozi. Katika baadhi ya upasuaji huo sehemu ya puru ilikatwa na kutupwa, kwa kuwa haikujulikana ina kazi gani.

Mabadiliko makubwa yalitokea Mexico mwaka 1980, Alberto Peña alipoanza kuifungua misuli yote kwa mpasuo mmoja wa katikati kutoka nyuma, mtoto akiwa amelala kifudifudi. Yeye na Pieter de Vries walichapisha maelezo ya njia hiyo mwaka 1982. Kwa mara ya kwanza mpasuaji aliweza kuiona misuli, kuijaribu kwa kichocheo cha umeme, na kuiweka puru katikati yake. Mwaka 2000 Keith Georgeson na wenzake walieleza namna ya kuishusha puru kwa upasuaji wa matundu madogo kwa kasoro zilizo juu.

Matarajio ya wakati ule yalikuwa makubwa kuliko matokeo. Katika uzoefu uliochapishwa na Marc Levitt na Peña mwaka 2007, takribani asilimia 75 ya wagonjwa wao walipata choo kwa hiari, na nusu ya hao bado walichafua nguo mara mojamoja. Asilimia 25 waliobaki hawakuweza kuzuia choo. Takwimu hizo zinatoka kwa wapasuaji waliobobea katika kazi hii moja. Haitarajiwi kwamba mahali pengine hali itakuwa nzuri kuwazidi.

4.0 Dalili moja, watoto tofauti

Mfano wa kubuni unasaidia kuonyesha ugumu wa uamuzi. Wavulana wawili wenye umri wa miaka saba huletwa kliniki siku moja, wote wakiwa na nguo zenye madoa, wote wakiwa wamefungwa kolostomi tangu wakiwa wadogo.

Wa kwanza alizaliwa na kijitundu karibu na ngozi, sakramu yake ni nzima, na tundu lake liko katikati ya msuli. Akipapaswa tumbo, upande wa kushoto chini huhisiwa uvimbe mgumu, nao ni kinyesi kilichokaa kwa wiki kadhaa. Choo laini kutoka juu hupita kando ya bonge hilo na kuvuja. Mtoto huyu anaonekana hawezi kuzuia choo, kumbe ugonjwa wake ni kufunga choo. Utumbo ukisafishwa kabisa, kisha akapewa dawa ya kuendesha kama sena kila siku kwa kipimo kinachothibitishwa kuwa kinamwaga puru, anaweza kuanza kwenda chooni mwenyewe. Kumpasua mtoto huyu ili kulihamisha tundu lake ni kuharibu kilichojengwa vizuri.

Wa pili alizaliwa na fistula iliyofunguka karibu na kibofu cha mkojo. Sakramu yake ni fupi, makalio yake ni bapa, na akiambiwa abane hakuna kinachojikunja. Dawa ya kuendesha, iliyomwokoa mwenzake, kwake itazidisha uchafu. Kumfungua tena na kulisogeza tundu hakutamwongezea mshipa wa fahamu hata mmoja.

Kati ya hawa wawili yupo mtoto wa tatu, na upasuaji wa marudio kimsingi ni wake. Sakramu yake ni nzuri. Msuli wake, ukiguswa kwa kichocheo cha umeme, hujikunja kwa nguvu, lakini hujikunja pembeni, sentimita moja au mbili kutoka kwenye tundu. Misuli ipo na mishipa ipo. Ni puru iliyowekwa nje ya mahali pake. Mtoto wa namna hii amenyimwa uwezo aliozaliwa nao, na anaweza kurudishiwa.

5.0 Uchunguzi kabla ya uamuzi

Swali la kwanza huulizwa kwa karatasi kabla ya mashine: mtoto alizaliwa na kasoro ya aina gani, na alifanyiwa nini? Katika Afrika Mashariki jibu hilo mara nyingi halipatikani. Kolostomi huweza kutobolewa katika hospitali ya mkoa, puru kushushwa katika hospitali ya rufaa, na faili kubaki huko wakati familia imehamia kwingine. Daktari hulazimika kusoma historia kutoka kwenye makovu. Daftari la kliniki linalotunzwa na mama ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na picha za zamani, lina thamani kuliko vipimo vingi.

Baada ya hapo huja eksirei ya tumbo, inayoonyesha iwapo utumbo umejaa au ni mtupu, na eksirei ya sakramu. Picha ya utumbo mpana iliyopigwa baada ya kuingiza dawa ya kuonyesha hueleza kama ghala lipo, limetanuka, au limekatwa. Picha ya MRI ya nyonga huonyesha iwapo puru imepita ndani ya misuli, na ile ya mgongo huonyesha iwapo kamba ya neva imenaswa chini kuliko kawaida, hali inayoandamana na kasoro hizi mara nyingi. Mwisho mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, msuli ukaguswa kwa kichocheo cha umeme, na alama ikawekwa pale unapojikunja. Kipimo hiki cha mwisho hakihitaji mashine ya gharama kubwa, na ndicho chenye neno la mwisho kuhusu mahali pa tundu.

Uchunguzi unaweza pia kufichua sababu za kupasua ambazo hazihusiani moja kwa moja na kuzuia choo. Tundu huweza kuwa limesinyaa kiasi cha kuleta kufunga choo. Puru huweza kutokeza nje na kuacha ute kwenye nguo, ute ambao wazazi huuhesabu kuwa choo. Kipande cha fistula ya zamani huweza kubaki nyuma ya njia ya mkojo na kukusanya mkojo. Haya yote hurekebishwa kwa upasuaji, na matokeo yake yanatabirika zaidi kuliko matokeo ya upasuaji unaofanywa kwa ajili ya kuzuia choo pekee. Ni muhimu mzazi aambiwe wazi ni lipi kati ya hayo linalokwenda kutibiwa.

6.0 Upasuaji wa marudio

Upasuaji wenyewe hufuata njia ileile ya nyuma. Nyuzi nyingi hushonwa kuzunguka ukingo wa tundu ili puru ivutwe kwa usawa, kisha mpasuaji huitenganisha na kovu akibaki karibu kabisa na ukuta wake. Kovu la upasuaji wa kwanza hufanya kila sentimita kuwa ngumu. Kwa mvulana, mrija wa mkojo, tezi dume na mishipa ya kibofu viko mbele tu ya puru; kwa msichana, uke. Puru ikishakuwa huru, misuli hufunguliwa, mipaka yake hupimwa kwa kichocheo, na puru hulazwa katikati na kushonewa humo. Daktari anaweza kutoboa kolostomi mpya ili kukilinda kidonda, au akausafisha utumbo kwa uangalifu na kumlisha mtoto kwa njia ya mshipa kwa siku kadhaa. Takribani wiki mbili baadaye huanza kazi ya kulipanua tundu kwa vifaa vya chuma laini, kazi ambayo mzazi hufundishwa kuiendeleza nyumbani kwa miezi.

Kila marudio huacha kovu jipya na kupunguza damu inayofika kwenye puru. Kwa hiyo marudio ya kwanza yana nafasi njema kuliko ya pili, na ya tatu hubeba hatari inayozidi faida. Hata mtoto aliyechaguliwa vizuri haamki kutoka usingizini akiwa anazuia choo. Hufundishwa upya, kwa kukalishwa chooni baada ya kila mlo, na kuna watakaohitaji kuoshwa utumbo hata baada ya upasuaji uliofanikiwa.

Zimejaribiwa njia za kutengeneza msuli mbadala. Mwaka 1952 Kenneth Pickrell na wenzake nchini Marekani walieleza jinsi walivyouzungusha msuli mwembamba wa paja kwenye tundu la haja kubwa la watoto wanne. Wazo hilo limevutia vizazi vya wapasuaji. Kasoro yake ni kwamba msuli wa paja huchoka upesi, na mtoto asiyehisi choo kinakuja hajui wakati wa kuubana.

7.0 Mpango wa kusafisha utumbo

Kwa mtoto wa pili katika mfano, na kwa wengi wanaofanana naye, tiba ni mpango wa kusafisha utumbo. Hoja yake ni nyepesi: utumbo mpana ukisafishwa wote mara moja kwa siku na ukabaki tuli hadi siku inayofuata, mtoto atakuwa msafi kwa saa 24 hata kama hana msuli. Katika lugha ya nyumbani jambo hili huitwa kupiga bomba, na baadhi ya wazazi hulipuuza kwa kuwa ni dawa ya bibi. Tofauti iko katika upimaji. Mtoto wa umri wa shule huweza kuhitaji mililita 400 hadi 700 za maji yenye chumvi gramu 9 kwa lita, yakiingia taratibu kupitia mpira laini, kisha akakaa chooni kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima. Maji matupu hayafai, kwani huingia mwilini na kupunguza chumvi ya damu. Kwa wiki ya kwanza eksirei ya tumbo hupigwa kila siku ili kiasi kirekebishwe kwa kuona, maana nguo zilizo safi leo zinaweza kuficha utumbo uliojaa wa kesho.

Mtoto ambaye ghala lake limekatwa ana kazi ngumu zaidi. Huyu huoshwa kwa kiasi kidogo, na utumbo wake hutulizwa kwa loperamidi na kwa chakula: wali, ndizi mbivu na nyama ya kuchemsha huruhusiwa, maziwa, vyakula vya kukaanga na matunda mengi huzuiwa mpaka hali itulie, kisha hurudishwa kimoja kimoja.

Bomba la nyuma lina ukomo wake. Kijana wa miaka kumi na miwili hapendi kulazwa magotini pa mama. Mwaka 1990 Patrick Malone na wenzake nchini Uingereza walieleza njia ya kukiunganisha kidole tumbo na ngozi ya tumbo, mara nyingi kitovuni, ili kijana mwenyewe apitishe maji kutoka juu akiwa ameketi chooni. Huu nao ni upasuaji, lakini hauahidi msuli wala hisia. Unampa kijana faragha, na hufaa pale tu ambapo maji ya nyuma yameshathibitika kumweka safi.

Katika mazingira ya Tanzania na nchi jirani mpango huu hukutana na vikwazo ambavyo vitabu vya Marekani havivizungumzii: choo cha shimo kinachotumiwa na kaya kadhaa, maji yanayonunuliwa kwa ndoo, nyumba yenye chumba kimoja, kliniki ya daktari bingwa iliyo umbali wa siku moja kwa basi. Hivi ndivyo vinavyofanya wazo la kupasua mara moja na kumaliza liwe na mvuto. Hata hivyo chumvi, mpira laini na mfuko wa maji hupatikana kwa urahisi kuliko kitanda cha upasuaji katika hospitali ya rufaa, na muuguzi wa wilaya aliyefunzwa anaweza kuusimamia mpango baada ya wiki ile ya kwanza.

Wakati mzuri wa kuzungumza na familia kuhusu yote haya ni kabla ya kolostomi kufungwa. Aina ya kasoro na eksirei ya sakramu hupatikana tangu utotoni, na kutokana nazo daktari anaweza kusema mapema kama mtoto anatarajiwa kwenda chooni mwenyewe au atahitaji kuoshwa. Mzazi anayeambiwa mapema huanza bomba mtoto akiwa na miaka mitatu, kabla ya kumpeleka shule ya awali. Asiyeambiwa hulijua jambo hilo kupitia barua ya mwalimu.